Chungwa Badala ya Chai



Muheza ni nchi ya machungwa. Msimu ukifika, malori hupakia kwenda Dar es Salaam na Kenya, na mengine huozea chini ya miti. Hata hivyo watoto wengi hapa wamepungukiwa damu. Sababu zinajulikana: malaria, minyoo ya safura inayopenya nyayo za mtoto anayetembea peku, na muhogo mtupu unaoteremshwa kwa chai ya rangi. Chai hiyo huzuia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo katika mchicha, kisamvu na kunde. Chungwa husaidia yafyonzwe.

Kwa hiyo watoto wa darasa la kwanza hatuwafundishi majina ya vitamini (ya nini kwa umri huo?). Tunawafundisha kula chungwa pamoja na mboga, chai ingoje. Kuvaa hata ndala. Na kunawa kwa sabuni au majivu kwenye kibuyu chirizi walichotundika wenyewe karibu na choo.

Ugumu uko kwenye sufuria. Elimu bila malipo ilipoanza mwaka 2016, wazazi wengi walidhani na chakula kitatolewa na Serikali, kumbe kilibaki jukumu lao. Mtoto mwenye njaa tangu alfajiri hasikii somo la lishe. Tunaomba kila kamati ikae na wazazi, Wakristo kwa Waislamu, kabla ya mavuno, wakubaliane mahindi na kunde za uji na makande. Wafadhili, michango ya robo hii inunue masufuria na matangi ya maji ya mvua. Kuni na wapishi wazazi watatafuta.