Chaji ya Simu kwenye Pikipiki za Nyumbani
Maelezo ya kikundi cha mafundi na madereva wa bodaboda kwenye mkutano mkuu wa mwaka

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu, mama zetu, ndugu wote wa Lushoto, Soni, Mlalo na Mtae mnaoishi hapa Dar es Salaam, nanyi mlioteremka Mombo kwa basi ili muwe nasi leo,

Miaka mingine katika ukumbi huu tumechangishana kwa ajili ya madarasa na mabomba ya maji. Leo kikundi chetu kimekuja kuomba kitu kinachoenea kwenye kiganja: soketi ya kuchajia simu, ifungwe kwenye pikipiki ya kila dereva wa kijiwe kule nyumbani, na ifungwe inavyotakiwa.

Wote mnaijua milima yetu. Gari linapoishia, pikipiki ndiyo inayoendelea. Inateremsha magunia ya kabichi na karoti hadi barabarani, inapandisha mbolea, na usiku inamfikisha mama mjamzito zahanati, au pale ambapo gari la wagonjwa linaweza kufika. Pikipiki hiyo inaitwa kwa simu. Dereva ambaye simu yake imezima, hata awe na tangi zima la mafuta, kwa mwenye mgonjwa ni sawa na mtu asiyekuwepo.

Simu inazima kwa sababu dereva yuko njiani tangu alfajiri. Vitongoji vingine bado havijafikiwa na nguzo za umeme, kwa hiyo jioni simu inaachwa dukani ikichajiwa kwa malipo hadi asubuhi. Ndiyo kusema kwamba saa zile za usiku ambazo tunamhitaji zaidi, simu iko dukani na yeye yuko kwake. Wakati huohuo amekalia mtambo wa umeme kutwa nzima. Injini ya pikipiki ikizunguka vizuri, betri yake inapokea kiasi cha volti 14.

Vijana wengi wameshaliona hilo na wamejifungia chaji wenyewe. Tunawapongeza kwa ubunifu, ila namna nyingi zinazotumika zina hatari, na hapo ndipo mchango wenu unapohitajika.

Kosa la kwanza ni kuchukua umeme kwenye waya wa taa ya mbele. Kuna pikipiki ambazo taa hiyo hailishwi na betri. Inalishwa moja kwa moja na koili iliyo ndani ya injini, kwa mkondo geu, na nguvu yake inapanda na kushuka kadiri dereva anavyovuta mafuta. Chaji iliyotengenezwa kwa umeme wa betri ikiungwa hapo huungua, na pengine simu nayo huharibika.

Kosa la pili ni kufunga bila fyuzi. Waya unapita kwenye shingo ya usukani, unakunjwa kila kona, na kona za kutoka Soni kwenda juu mnazijua. Ngozi ya waya inachubuka, shaba inagusa chuma cha fremu, na betri inamwaga umeme wake wote kwa mara moja. Waya unakuwa mwekundu kama kaa, chini ya tangi la petroli. Pikipiki nyingi za vijana wetu ni za mkopo au za mkataba. Ikiungua, deni haliungui nayo.

Kosa la tatu ni kuunga moja kwa moja kwenye betri bila kupitia ufunguo. Soketi nyingi zina taa ndogo inayowaka muda wote. Ikila miliampia 20 tu, kwa siku moja inaondoa karibu nusu ampea-saa. Betri ya ampea-saa 5 haitamaliza hata siku kumi ikiwa pikipiki imepumzika. Mwenyewe ataamka kumpeleka mtoto hospitali, abonyeze kitufe, na injini isiitike.

Namna sahihi haina siri. Kwanza fundi apime kwa multimita. Injini ikiwa imezimwa, betri nzima iliyojaa inasoma karibu volti 12.6, na injini ikiwaka inasoma kati ya 13.5 na 14.5. Ikiwa haifiki hapo, tatizo la kuchaji betri litengenezwe kwanza, kwani soketi itaongeza mzigo tu. Afungue waya wa hasi kabla ya wa chanya, na wakati wa kurudisha, hasi iwe ya mwisho. Waya wa chanya utoke kwenye betri, na fyuzi ya ampea 3 ikae karibu na betri, isizidi urefu wa shubiri. Baada ya fyuzi iwekwe rilei ndogo inayoamshwa na ufunguo, ili ufunguo ukizimwa, soketi nayo ilale. Waya wa hasi urudi betrini, usifungwe kwenye nati yenye kutu. Nyaya zifuate njia ya nyaya za kiwandani, ziwe mbali na ekzosi, na ziachiwe ulegevu shingoni ili usukani ugeuke pande zote bila kuzivuta. Soketi iwe na kifuniko cha mpira, na mdomo wake utazame chini, maana masika ya kwetu hayamwonei mtu huruma.

Wazee wameuliza kama pikipiki haitachoka. Chaji ya volti 5 na ampea 2 inatoa wati 10. Ukiongeza umeme unaopotea njiani, betri inatoa kama ampea moja, ambayo ni kidogo kuliko inavyotoa kwa balbu ya kawaida ya taa ya mbele. Pikipiki nzima inaumudu mzigo huo injini ikiwa inafanya kazi. Tunachowaomba madereva ni kutochaji pikipiki ikiwa imesimama na ufunguo umewashwa, na simu ikae mfukoni mwa begi, isishikwe mkononi njiani.

Sasa ombi lenyewe. Tunaomba kila familia iliyopo hapa ichangie seti moja: soketi yenye kifuniko, kishikio cha fyuzi na fyuzi mbili ili moja iwe ya akiba, rilei, mita tatu za waya wa milimita moja ya mraba, na soksi za plastiki za kufunika maungio. Anayeweza zaidi achangie multimita moja kwa kijiwe kimoja. Ufundi ni wetu, hatudai malipo. Bei za maduka ziko kwa mweka hazina, na vitu vitanunuliwa kwa pamoja, kwa risiti zitakazobandikwa ofisi ya kijiji. Hakuna fedha itakayopita mkononi mwa fundi wala dereva.

Nao madereva wana sehemu yao. Atakayefungiwa seti ataandika namba yake kwenye orodha itakayobandikwa zahanati, na atakubali kupokea simu ya mgonjwa usiku kwa zamu. Asiyekuwa tayari kuingia zamu, seti itampitia na kwenda kwa mwenzake.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Fyuzi ni kitu kidogo sana, lakini ndiyo inayosimama kati ya waya uliochubuka na tangi la petroli. Na simu yenye chaji ndiyo inayosimama kati ya mama aliyeshikwa na uchungu kule juu na pikipiki iliyolala kijiji cha pili. Daftari la ahadi liko mezani kwa katibu, kalamu ipo.

Tunaomba kuwasilisha.