Kagua Daftari Kabla ya Kumshuku Mwenzako

(Mazungumzo na viongozi wa vikundi, Kariokor, Nairobi)

Asanteni kwa kufika, hata ninyi mliotoka mbali mkileta vyondo hapa sokoni. Mtaa huu ulipata jina lake kutokana na kikosi cha wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, 1914 hadi 1918. Wao walibeba mizigo ya wengine. Sisi leo tunabeba pesa za wengine, na huo nao ni mzigo.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi naongeza: hata daftari lenyewe likaguliwe.

Kuna kikundi kimoja, jina sitalitaja. Kila mwanachama alitoa shilingi 150. Jioni daftari likasema 4,500, lakini sandukuni mlikuwa na 4,050. Zimepungua 450! Mweka hazina akaanza kuangaliwa kwa jicho baya. Mama wa watu akalia. Ngojeni, tutarudi kwake.

Mchango ukiwa 150 kwa kila mtu, jumla lazima igawanyike kwa 150 bila baki. Kalkuleta haihitajiki. Angalieni mambo mawili tu:

1. Jumla iishe kwa 00 au 50. Mkiona 4,060, hapo pana kosa.

2. Jumlisheni tarakimu zake. Jibu ligawanyike kwa 3. Tuseme mmeandika 3,950. Mwisho wake ni sawa, lakini 3+9+5+0 ni 17, na 17 haigawanyiki kwa 3. Hesabuni upya.

Kwa nini iwe hivyo? Ukitoa 9 katika 10 hubaki 1. Ukitoa 99 katika 100 hubaki 1. Hizo 9 na 99 zagawanyika kwa 3, kwa hiyo kinachobaki kukaguliwa ni tarakimu zenyewe.

Sasa turudi kwa yule mama. Ile 4,500 inapita majaribio yote mawili! Basi mjue: nambari ikikataa, kosa lipo, ikikubali, bado si ushahidi kwamba ni sahihi.

Tukachukua tofauti, 450. 4+5+0 ni 9. Tofauti ikigawanyika kwa 9, huenda tarakimu mbili zimebadilishana nafasi. Hiyo ni dalili tu, kwa hiyo tukaendelea. Tukagawanya 4,500 kwa 150, tukapata watu 30. Je, waliotia sahihi siku ile ni wangapi? 27! Na 27 mara 150 ni 4,050. Pesa zote zilikuwa sandukuni. Aliyeandika jumla alitanguliza 5 mahali pa 0, basi.

Ndugu zangu, kikundi kinaweza kuvunjika kwa maneno hata kama hakuna senti iliyopotea. Kila mkutano, kabla sanduku halijafungwa, mteueni mtu mmoja asiyekuwa katibu wala mweka hazina, afanye majaribio haya mbele ya wote.