Mtungi Umefika, Baridi Haikutajwa

Habari ya mitungi ya gesi ya ruzuku imekwisha kusikika katika vijiji vya wilaya za Kibondo na Kasulu, mkoani Kigoma, na wasikilizaji hawahitaji kusomewa upya idadi ya mitungi 3,255 ambayo Wakala wa Nishati Vijijini uliitengea kila wilaya, wala kukumbushwa kwamba mtungi wa kilo 6 uliuzwa kwa nusu ya bei. Hatua hiyo ni njema na inastahili kupongezwa bila kinyongo. Kinachokitia kituo hiki wasiwasi ni neno moja ambalo halikusikika tangu mwanzo wa tangazo hadi mwisho wake, nalo ni neno baridi.

Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 8 Mei 2024, unakusudia kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi, na sababu iliyotolewa ni nzito, kwa kuwa takwimu ambazo serikali yenyewe huzitumia zinasema watu wapatao 33,000 hufariki nchini kila mwaka kutokana na madhara ya moshi wa kuni na mkaa. Lakini jina la mkakati linaishia kwenye neno kupikia, na fikra nazo zimeishia hapo hapo. Chungu kimetajwa, sufuria imetajwa, mama lishe ametajwa, shule na magereza vimetajwa. Baridi haikutajwa.

Kutotajwa huko pengine hakuwadhuru watu wa Dar es Salaam, wala wa Kigoma mjini, mji ulioko kando ya Ziwa Tanganyika katika kimo cha mita zipatazo 770, ambako usiku wa Julai unahitaji shuka tu. Nyanda za juu za Buha, makao ya Waha zilipo Kasulu na Kibondo, ni nchi nyingine. Kutoka ziwani ardhi hupanda hadi kukaribia mita 1,500, na kwa kuwa joto la hewa hupungua takribani nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 za kupanda, mtu wa Heru Juu au wa Kibondo hulala katika hewa yenye ubaridi ambao mtu wa pwani ya ziwa haujui. Ndiyo maana moto wa jikoni huku haujawahi kuwa na kazi moja. Maharage huchemka kwa saa nyingi, na wakati yakichemka watoto huota moto, mzee hunyoosha miguu yake, nguo zilizolowa hukauka, na nyumba hupata joto la kuingilia usiku. Gesi inaivisha maharage hayo vizuri, kisha inazimwa, na jiko linapoa mara moja. Familia iliyopika kwa gesi jioni itatafuta joto lake mahali pengine, na mahali penyewe panajulikana na kila mmoja: ni jiko la mkaa linaloingizwa chumbani na mlango kufungwa.

Hapo ndipo ilipo hatari, na hatari hiyo ni mpya kuliko inavyodhaniwa. Nyumba ya msonge, yaani ile ya mviringo iliyoezekwa kwa nyasi, ambayo mababu wa Waha waliishi ndani yake, ilikuwa na moto katikati, na moshi ulipenya taratibu kupitia nyasi za paa, ukizikausha na kuwafukuza wadudu. Nyumba hiyo haikuwa salama kwa macho wala kwa mapafu, na cheche moja ilitosha kuiteketeza, lakini ilikuwa inapumua. Leo nyumba ni ya matofali ya kuchoma, imeezekwa kwa bati, ina lenta, madirisha yenye vioo na mlango unaofungwa sawasawa, na mafanikio hayo ni fahari ya wilaya hizi. Nyumba imebadilika, moto haukubadilika. Mafiga yaleyale na jiko lilelile vimehamishiwa ndani ya kuta zisizopitisha hewa, na hakuna afisa aliyewaeleza wenye nyumba kwamba kuta bora zinadai moto uliojengwa vingine.

Mkaa unapowaka mahali penye hewa haba hutoa kaboni monoksaidi, gesi ambayo haina rangi, haina harufu na haiwashi macho. Isichanganywe na hewa ya ukaa, yaani kaboni dayoksaidi, ambayo kila binadamu huitoa anapopumua. Kaboni monoksaidi huingia katika damu na kushikamana na himoglobini, ile protini nyekundu inayobeba oksijeni, kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200, hivyo damu huendelea kuzunguka huku ikiwa haibebi kile ambacho ubongo na moyo vinakihitaji. Moshi wa kuni una ubaya wake, lakini humkohoza mtu aliye macho. Mkaa uliokolea vizuri, mwekundu na usio na moshi, ndio ambao watu huuona kuwa umefaa kuingizwa ndani, na kumbe unaweza kuwa unatoa gesi hiyo kwa wingi bila dalili yoyote. Sufuria ya maji iliyowekwa juu ya jiko haisaidii, kwa sababu gesi hii karibu haiyeyuki majini kabisa. Dirisha lililoachwa wazi kwa upana wa kidole nalo halitoshi kumlinda aliyelala.

Jambo linalostahili kusemwa kwa msisitizo katika mkoa wenye malaria ni kwamba dalili za sumu hii, ambazo ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na mwili kuishiwa nguvu, zinafanana mno na dalili za homa ambayo kila familia inaijua. Mtu huamka asubuhi akiwa na kichwa kizito, akameza dawa ya malaria, akatoka shambani, akapata nafuu, na nafuu ile ikahesabiwa kuwa ni ya dawa. Familia ambayo wawili au watatu ndani yake huamka na kichwa kinachouma siku moja, kikatulia wakiwa nje na kurudi wakilala tena, inapaswa kulitilia shaka jiko lake. Aliyekutwa amelegea chumbani atolewe nje kwenye hewa safi mara moja na kupelekwa hospitalini, kwani huko oksijeni huiondoa sumu hiyo mwilini kwa haraka kuliko hewa ya kawaida, ambayo huchukua saa 4 hadi 5 kupunguza nusu tu ya kiasi kilichomo katika damu.

Je, watu wa nyanda za juu waambiwe wavumilie baridi? Hapana, na wala hakuna sababu ya kuwaambia hivyo, kwa maana moto wa kuni unaweza kuipasha nyumba joto bila kuua mtu endapo utajengewa dohani. Dohani ni njia ya wima, ya matofali au ya bomba la chuma, inayoupokea moshi jikoni na kuutoa juu ya paa. Hufanya kazi kwa sababu hewa ya moto ni nyepesi, hivyo hupanda, na inapopanda huvuta nyuma yake hewa nyingine kutoka chumbani. Kwa hiyo dohani isiyo na tundu la kuingizia hewa safi karibu na sakafu ni dohani isiyovuta, na moshi wake hurudi ndani. Fundi mwashi wa Kasulu anayejua kujenga tanuru la matofali anayo tayari mikononi mwake zaidi ya nusu ya ujuzi huo, kwa kuwa matofali ya kuchoma yapo na udongo wa kichuguu, ambao huvumilia moto kuliko udongo wa kawaida, upo. Anachokosa ni vipimo tu, na vipimo hivyo si siri. Jiko la chuma lisilokingwa likae umbali wa sentimita 90 kutoka kwenye kitu chochote kinachoshika moto, kama kitanda, pazia, mlango au gunia la mahindi. Bomba lisilo na ganda la pili lisikaribie kenchi za mbao kwa chini ya sentimita 45, na mahali linapopenya paa lizungushiwe ganda la chuma lenye nafasi katikati. Juu ya bati lipande angalau sentimita 90, tena lizidi kwa sentimita 60 kitu chochote kilichopo ndani ya mita 3, la sivyo upepo utausukuma moshi chini. Bomba la bati jembamba lililopakwa zinki, ambalo ndilo rahisi kupatikana, halifai karibu na moto, maana zinki ikipata joto kali hutoa mvuke wenye sumu. Paa la nyasi lisitobolewe kabisa kwa ajili ya bomba.

Kuni nazo zina sheria yake. Mti uliokatwa leo unaweza kuwa na maji karibu nusu ya uzito wake, na mwenye kuuchoma hutumia moto kuchemsha maji hayo badala ya kupata joto, huku moshi mzito ukiganda ndani ya dohani kama masizi yenye lami, ambayo siku moja hushika moto yenyewe. Kuni zipasuliwe na kupangwa chini ya paa kwa miezi kadhaa, zikatwe wakati wa kiangazi kimoja ili zichomwe kingine. Dohani ifagiliwe kabla ya Juni. Petroli na mafuta ya taa visimwagwe kwenye moto, plastiki isichomwe, na majivu yawekwe nje katika chombo cha chuma chenye mfuniko, kwani kaa lililofunikwa na majivu huweza kuishi kwa siku kadhaa. Mtoto aliyeungua apoozwe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20, asipakwe mafuta wala dawa ya meno.

Serikali kushughulikia joto la nyumba za wananchi si jambo la ajabu. Mwaka 1767 nchini Sweden, ambako kuni zilikuwa zimeanza kuadimika, Carl Johan Cronstedt na Fabian Wrede walipewa na dola kazi ya kubuni jiko bora, wakaunda lile ambalo moshi wake huzungushwa katika njia nyingi ndani ya matofali kabla ya kutoka, hivyo moto wa muda mfupi ukayajaza matofali joto ambalo chumba kiliendelea kulipata baada ya moto wenyewe kuzima. Kanuni hiyo ndiyo inayofaa Kibondo: moto uzimike kabla ya watu kulala, matofali yabaki na joto. Nchi hiyo iliitaja baridi kwa jina lake. Hapa baridi haikutajwa.

Haikutajwa pia kwa ajili ya wakimbizi wa Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa mwaka 1996, wala wa Nduta, iliyofunguliwa upya mwaka 2015, ambao wamekuwa wakipitisha baridi hiyohiyo katika makazi mepesi zaidi, na ambao pamoja na wanavijiji wa jirani wameitegemea misitu ileile ya miombo inayozidi kusogea mbali.

Halmashauri za Kasulu na Kibondo hazina haja ya kusubiri mkakati mwingine kutoka Dodoma. Vyuo vya maendeleo ya wananchi vipo katika wilaya zote mbili, na mafundi waashi wapo. Basi dohani ifundishwe humo, ipimwe, ijengwe kwanza katika zahanati na nyumba za walimu ili watu waione kwa macho yao. Afisa afya anayekagua vyoo akague na majiko. Anayegawa mtungi wa gesi amuulize mpokeaji ataota nini usiku. Amuulize kila mpokeaji, bila kuchoka! Mwenyekiti wa kitongoji alitangaze jambo hili mkutanoni, padri na shehe walitangaze, mwalimu alitangaze darasani, kwamba mkaa haulali na watu chumba kimoja, hata kama ni mwekundu, hata kama hauna moshi, hata kama dirisha liko wazi. Na kwa kuwa dohani haijengwi kwa siku moja na baridi haingoji, kila mzazi anayesikiliza matangazo haya jioni hii anyanyuke sasa, alichukue jiko la mkaa lililoko chumbani mwa watoto, alitoe nje, na ndipo aufunge mlango.