Tuyapime Magugu Kabla ya Kuyang'oa



Sisi tukaao Machakos twaijua sana lantana. Huota kandokando ya njia, malishoni, hata vilimani. Maua yake yapendeza macho, lakini si mzaliwa wa hapa. Ilitoka Amerika, ikapandwa kuwa pambo na boma la kuzungushia viwanja. Ndege wakala matunda yake, wakatawanya mbegu. Leo yasonga nyasi, na ng'ombe alaye majani yake huugua, hata ngozi yake huchomwa na jua.

Tufanyeje? Wako wasemao kwamba katika Mathayo 13 mwenye shamba aliwazuia watumishi wasing'oe magugu mpaka wakati wa mavuno. Basi nasi tuyaache. La, wapendwa. Mfano ule wahusu watu, nasi hatukupewa kazi ya kuwahukumu wenzetu. Kuhusu ardhi, Mwanzo 2 yatuonyesha mtu akiwekwa bustanini ili ailime na kuitunza. Hata hivyo, mwenye shamba yule alikuwa na hekima: kabla ya kung'oa, alipima hasara.

Ndugu zetu wa Baringo wana la kutufundisha. Miaka ya 1980 waliletewa mti wa mathenge ili uzuie jangwa na kuwapatia kuni. Nia ilikuwa njema. Mifugo ikala maganda yake matamu, ikabeba mbegu tumboni, na kila kinyesi kikawa kitalu. Miti ikaziba malisho na njia, na utamu ule ukaoza meno ya mbuzi. Mwaka 2006 wananchi waliishtaki serikali, na mbuzi asiye na meno akapelekwa mahakamani kuwa ushahidi. Mwaka 2008 mti huo ulitangazwa kuwa gugu lenye madhara. Lakini wako pia wanaopata riziki kwa mkaa wa mathenge. Asemaye, "Ung'olewe wote leo," hana budi kujibu: jirani huyu atakula nini?

Kwa hiyo na tuulize mambo matatu. Mmea huu waenea kwa njia gani? Wamdhuru nani? Nani anautegemea? Tukiisha kujibu, tushike jembe.

Lantana tuikate kabla haijazaa, tuing'oe na shina lake, kwa maana ikichomwa moto tu huchipuka tena. Na palipong'olewa tupande nyasi upesi. Udongo mtupu ni kama nyumba ile ya Mathayo 12, iliyofagiwa ikabaki bila mwenyeji: yule wa kwanza hurudi, na hali huwa mbaya kuliko mwanzo. Kisha turudi kila baada ya mvua tukang'oe miche.

Tena mtu mmoja hatoshi. Ndege hajui mpaka wa shamba. Nikisafisha langu na wewe ukaacha lako, nimefanya kazi bure. Wazee wetu walichimba matuta ya milima hii kwa mwethya, mkono kwa mkono. Mwethya huo huo watufaa leo.

Na tuombe. Ee Bwana, uliyetupa nchi hii tuitunze, utupe macho ya kupambanua, subira ya kurudia kazi, na upendo usiomsahau jirani. Amina.