Sarafu ya Kale: Usisugue, Usiuze Upesi
(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia, Watamu)



Wengi wetu tuna mkebe wa pesa za zamani nyumbani: ndururu, senti kumi za tundu, thumni, shilingi za simba. Siku moja waona sarafu ambayo herufi zake zimejirudia. Mgeni ufuoni akuambia, "Nakupa mia mbili." Jirani naye akuambia umetajirika. Usimwamini yeyote kabla hujaitazama mwenyewe.

Sarafu hupigwa kwa chuma chenye chapa. Chuma hicho kikitiwa chapa mara mbili bila kulingana, kila sarafu inayopigwa nacho hutoka na maandishi pacha. Senti ya Marekani ya 1955 ilitoka hivyo, na leo iliyo nzuri huuzwa zaidi ya dola 1,000. Lakini chuma kikilegea tu wakati wa kupiga, huacha kivuli. Hicho hakiongezi bei.

Utatofautishaje? Chukua kioo cha kukuzia, ukae penye mwanga. Pacha wa kweli wameinuka wote wawili, na ncha za herufi zimepasuka mbili. Kivuli ni bapa, kama kidaraja, na herufi yenyewe imekonda.

Kisha jiulize: zilitoka ngapi? Hii yangu imelika kiasi gani? Nani anaitafuta? Uzee peke yake si thamani. Senti za tundu zilipigwa kwa mamilioni. Shilingi za simba za 1921 hadi 1946 zina robo ya madini ya fedha, kwa hivyo hata iliyochakaa si ya kutupa.

Nami nilikosea. Niliisugua shilingi ya nyanya kwa mchanga na ndimu ikang'aa kama mpya. Mnunuzi akanirudishia: "Umeikwangua, mama." Pangusa vumbi tu.

Jambo la mwisho. Sarafu uliyoichimbua ardhini, hapa Gede au kule Mambrui, si ya kuuza. Mwaka 2010 wachimbuzi walipata Mambrui sarafu ya Kichina ya miaka ya 1403 hadi 1424. Ilitufunza historia kwa sababu ilijulikana ilitoka wapi. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya 2006 yataka utoe taarifa kwa Makumbusho katika siku 7.

Za mkebeni, zileteni kikaoni. Tuziandike daftarini, tuulize bei kwa wanunuzi wawili au watatu, ndipo mwenyewe aamue. Haraka ya mmoja isitupotezee mali ya nyanya zetu.