Dripu ya Haraka Yatiliwa Shaka

Mtoto akifikishwa wodini na homa kali, mikono baridi na pumzi ya shida, mazoea ya miaka mingi yalikuwa kumtundikia dripu, tena ya kasi.

Utafiti wa FEAST, ulioongozwa na Kathryn Maitland wa Kilifi, uliyapima mazoea hayo kwa watoto zaidi ya 3,000 wa Kenya, Uganda na Tanzania. Matokeo ya 2011 yaliwashtua madaktari: waliomiminiwa maji kwa kasi, asilimia 10.5 walifariki ndani ya saa 48. Wasiomiminiwa, asilimia 7.3.

Pafu lililojeruhiwa huvujisha maji kwenye vifuko vya hewa, kwa hiyo wengi walidhani watoto walizidiwa na maji mapafuni. Kumbe uchambuzi wa 2013 ulielekeza kidole zaidi kwenye moyo na mzunguko wa damu.

Watoto wenye kuhara hawakuhusishwa katika utafiti wa FEAST. Hao bado wanahitaji maji, na wazazi wasiwanyime.

Mwongozo wa kimataifa wa 2020 unashauri kwamba pasipo na huduma ya wagonjwa mahututi, na shinikizo la damu halijashuka, maji yaende taratibu.