Herufi za Risasi Maktabani: Kufundisha Uchapaji na Ujalidi Chuo Kikuu

Karakana ya kuchapa kwa herufi za risasi ikifunguliwa maktabani, wageni huletwa kuitazama, picha hupigwa, na mwanafunzi huondoka na kadi yenye jina lake. Hilo ni onyesho. Ninalolitetea hapa ni somo lenye jasho: mwanafunzi apange herufi, achape, ajalidi, kisha azirudishe herufi moja moja sandukuni. Hatua hiyo ya kurudisha hurukwa kirahisi; mimi napendekeza mtaala uanzie hapo.

Sanduku la herufi ni droo bapa yenye vyumba vingi visivyo na lebo. Anayerudisha hulazimika kuusoma uso wa risasi uliogeuzwa, atofautishe b na d, n na u, kabla hajaiachia herufi. Akikosea, atakayemfuata atarithi kosa hilo bila kujua. Zoezi hili likirudiwa, mkono huizoea ramani ya droo, na siku ya kupanga mistari, maneno yakiwa yamesimama kichwa chini, mwanafunzi hapapasi tena. Tena amekwisha kujizoeza usomaji wa prufu, ujuzi ambao tasnifu zetu nyingi zinaulilia.

Chuo cha Dartmouth, Marekani, kina karakana ya namna hii ndani ya maktaba yake ya Baker. Mizizi yake ni mafundisho ya Ray Nash, aliyeanza kufundisha huko miaka ya 1930. Lakini tusidhani tunaazima kitu kigeni. Mmisionari Edward Steere alikuwa akichapa Unguja katika miaka ya 1860, na mwaka 1888 shule ya misheni ya Kiungani, huko huko Unguja, ilianza kutoa gazeti lake, *Msimulizi*.

Kuna tatizo ambalo Dartmouth hawana. Seti za herufi zinazotoka Uingereza na Marekani zimepimwa kwa Kiingereza. Chumba kikubwa kuliko vyote ni cha e. Katika sanduku liitwalo California, k imebanwa kwenye kichumba kidogo. Panga ukurasa mmoja wa Kiswahili uone: a zinakwisha mapema, k na w zinafuata, huku q na x zimelala hazijaguswa. Kwa hiyo bajeti iwe na nyongeza ya a, k na w tangu mwanzo, na mpangilio wa vyumba ubadilishwe bila woga. Mwanafunzi wa isimu aliyewahi kuishiwa na a katikati ya sentensi hahitaji jedwali la kumweleza uzito wa vokali hiyo katika lugha yake.

Ujalidi nao una fundisho lake la kwanza: karatasi ina mwelekeo wa nyuzi. Lowesha kipande kidogo upande mmoja nacho kitajikunja. Mhimili wa mkunjo huo ndio mwelekeo wa nyuzi. Nyuzi za kurasa, za kadibodi na za karatasi ya jalada zote ziende sambamba na mgongo wa kitabu. Zikikatizana, jalada hupinda na kitabu hugoma kufunguka. Kwenye unyevu wa pwani kosa hilo hujitangaza upesi, kwani karatasi hunywa maji ya hewani na kutanuka. Baada ya hapo ndipo uje uzi wa kitani uliopakwa nta, sindano, na ushonaji wa mikunjo ya kurasa. Gundi peke yake tumeiona inavyofanya: kitabu cha kiada kinamwaga kurasa kabla muhula haujaisha.

Kuhusu usalama nitasema machache. Risasi ni sumu, basi chakula kisiingie karakanani, mikono ioshwe kwa sabuni, na herufi zilizochakaa zisitupwe jalalani.

Gumu ni suala la mwalimu. Maktaba yenye chumba cha kujalidi magazeti na tasnifu tayari ina fundi anayeyajua haya kwa vidole, ila muundo wa utumishi humweka miongoni mwa wasaidizi, asiyeruhusiwa kutoa alama. Tukimleta mhadhiri asome kitabu cha ufundi usiku ili asubuhi awafundishe wanafunzi badala ya fundi huyo, tutakuwa tumepoteza muda. Naomba semina hii ya wakutubi ipendekeze kwa Seneti za vyuo vikuu vyetu kwamba fundi atambuliwe kuwa mwalimu wa vitendo, asaini alama, na alipwe kwa saa za kufundisha.